Mzazi aliyefiwa anapogeuzwa muuaji: umma hupima machozi kabla ya ushahidi

Mwanamizani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa nikifuatilia kesi za wazazi waliofungwa kwa kosa la kuua watoto wao, kisha miaka mingi baadaye mahakama zilezile zikakiri kwamba hawakustahili kufungwa. Nimeona jambo ambalo ningependa tulijadili kwa utulivu. Katika kesi nyingi za aina hii, tatizo si kwamba polisi walimkamata mtu mwingine huku muuaji wa kweli akitembea mitaani. Tatizo ni kwamba hapakuwa na muuaji. Mtoto alikufa kwa ugonjwa, kwa ajali, kwa kuraruliwa na mnyama au kwa moto ulioanza wenyewe, na kosa la jinai likatungwa juu ya msiba huo. Najiuliza ni nini hasa huwasukuma watu wazima wenye akili timamu waone mauaji mahali ambapo pana kifo tu. Jibu langu ni kwamba umma humhukumu mzazi kwa namna anavyoomboleza, na hukumu hiyo ikishapita mitaani, ushahidi unaofuata hutafutwa ili uikubali.

Tuanze na Lindy Chamberlain wa Australia. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, yeye na mumewe Michael, mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato, walikuwa wamepiga kambi karibu na mwamba wa Uluru. Mtoto wao Azaria, mwenye umri wa wiki tisa, alikuwa amelazwa hemani. Mama alipokwenda kumtazama alirudi akipiga kelele kwamba dingo, yaani mbwa mwitu wa nchi ile, amemchukua mtoto. Mwanamke mmoja aliyekuwa nao kambini alieleza kwamba alimsikia mtoto akilia baada ya Lindy kuwa amerejea kutoka hemani, jambo ambalo peke yake lilitosha kuivuruga hadithi yoyote ya mauaji. Wenyeji wa asili waliobobea katika kufuata nyayo walisoma alama za mnyama mchangani na kuona dalili kwamba alikuwa amebeba mzigo. Korona wa kwanza (yaani ofisa wa sheria anayechunguza chanzo cha kifo), Denis Barritt, alitangaza matokeo yake mbele ya kamera za televisheni Februari 1981: dingo ndiye aliyemchukua mtoto. Aliwakemea hadharani wale waliokuwa wakieneza uvumi dhidi ya familia ile.

Uvumi haukukoma. Watu walisema jina Azaria maana yake ni kafara ya jangwani, na habari hiyo ilikuwa ya uongo mtupu. Walisema mama alimvika mtoto gauni jeusi, kana kwamba rangi ya nguo ni ungamo. Walisema Wasabato wana ibada za siri. Zaidi ya yote walisema kwamba Lindy halii. Alipohojiwa kwenye televisheni alizungumza kwa sauti iliyotulia, akaeleza namna dingo anavyoweza kumvua mtoto nguo, na watazamaji wakachukizwa na utulivu ule kuliko walivyosikitishwa na kifo chenyewe.

Uchunguzi wa pili ukafunguliwa, kisha kesi mjini Darwin, na tarehe 29 Oktoba 1982 Lindy akahukumiwa kifungo cha maisha akiwa mjamzito. Upande wa mashtaka haukuwa na maiti, silaha wala sababu ya mauaji. Ulichokuwa nacho ni mtaalamu wa maabara aliyesema ameona damu ya mtoto mchanga ndani ya gari la familia, na profesa kutoka London aliyesema ameona alama ya mkono wa damu kwenye nguo ya mtoto. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa ya ile iliyoitwa damu ilikuwa dawa ya kupunguza kelele iliyopulizwa garini kiwandani. Februari 1986 kikoti cha Azaria, ambacho Lindy alikuwa amekitaja tangu mwanzo na waendesha mashtaka wakadai hakikuwahi kuwapo, kilipatikana karibu na mwamba wakati watu wakitafuta mwili wa mtalii aliyeanguka. Siku chache baadaye alifunguliwa mlango wa gereza. Hukumu ilibatilishwa mwaka 1988, na ilipofika tarehe 12 Juni 2012 ndipo korona alipoandika rasmi kwamba mtoto alichukuliwa na dingo. Ni miaka karibu 32 kufikia jibu alilolitoa mama katika dakika ya kwanza.

Naomba michango yenu. Swali langu ni hili: je, kilichomfunga Lindy ni maabara au ni uso wake?

---

Wakili Mstaafu

Ndugu Mwanamizani, uzi mzuri, ila mimi ningeelekeza lawama kwingine. Mahakama haisikilizi sokoni, inasikiliza mashahidi. Kinachowafunga wazazi hawa ni wataalamu wanaosema kwa uhakika mambo ambayo fani zao haziwezi kuyahakikisha. Umma unaweza kupayuka utakavyo, lakini bila mtu mwenye shahada nyingi kupanda kizimbani na kusema "huyu aliuawa", mwendesha mashtaka hana kesi.

Chukulia Sally Clark wa Uingereza, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria. Watoto wake wawili wa kiume walikufa wakiwa wachanga, mmoja mwishoni mwa mwaka 1996 na mwingine mwanzoni mwa mwaka 1998. Katika kesi iliyosikilizwa Chester mwaka 1999, daktari bingwa wa watoto Sir Roy Meadow aliiambia juri, yaani raia wanaoteuliwa kuamua hatia, kwamba katika familia kama ile, uwezekano wa kifo cha ghafla cha mtoto mchanga ni mmoja kati ya 8,543. Ili kupata uwezekano wa vifo viwili, namba hiyo ilizidishwa kwa yenyewe, ikatoka moja kati ya takriban milioni 73.

Hesabu hiyo ina makosa mawili, na la pili ndilo baya zaidi. Kosa la kwanza ni kuzidisha, kwa sababu kuzidisha kunaruhusiwa tu iwapo vifo viwili havihusiani kabisa, ilhali ndugu wa tumbo moja wanashiriki damu, nyumba, hewa na kasoro za kurithi; kifo cha kwanza kinaongeza uwezekano wa cha pili. Kosa la pili ni namna juri ilivyoielewa namba yenyewe, yaani kwamba uwezekano wa mama huyu kuwa hana hatia ni mmoja kati ya milioni 73. Sivyo hata kidogo. Mama kuua watoto wake wawili wachanga nako ni nadra mno, na kilichopaswa kufanywa ni kulinganisha matukio mawili yaliyo nadra. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilitoa tamko la kuikosoa hesabu hiyo Oktoba 2001, lakini wakati huo rufaa ya kwanza ilikuwa imeshakataliwa.

Aliachiwa Januari 2003, tena kwa sababu nyingine: iligundulika kwamba daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti alikuwa na majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria katika mwili wa mtoto wa pili, na majibu hayo hayakuwahi kuwafikia mawakili wa utetezi. Sally alifariki Machi 2007. Hapo sioni umbea wa mtaani; naona namba mbaya na karatasi iliyokaa kwenye faili.

---

Msomaji Mtulivu

Naunga mkono hoja ya mzee wetu Wakili Mstaafu, na naongeza mfano kutoka Marekani. Patricia Stallings wa Missouri alimpeleka hospitali mwanawe mchanga, Ryan, mwaka 1989. Vipimo vikaonyesha kemikali inayotumika kuzuia maji ya gari kuganda. Mtoto akachukuliwa na kuwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Mama akaruhusiwa kumtembelea na kumnywesha maziwa. Mtoto akaugua tena na akafa. Kila mtu aliona picha imekamilika.

Akiwa mahabusu, Patricia alijifungua mtoto wa pili. Mtoto huyo alichukuliwa mapema na kupelekwa kwa walezi, mama yake hakuwa na nafasi ya kumpa chochote, naye akaanza kuonyesha dalili zilezile. Madaktari wakamgundua kuwa na ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunjavunja baadhi ya viambato vya protini, na asidi inayojaa kwenye damu huweza kudhaniwa kuwa ni ile sumu iwapo kipimo kinasomwa kwa haraka. Mtu angetarajia kesi ife siku hiyohiyo. Haikufa. Mwanzoni mwa mwaka 1991 mama huyo alihukumiwa kifungo cha maisha, kwa sababu ugonjwa wa mdogo haukufikishwa ipasavyo mbele ya juri. Aliachiwa mwaka huohuo baada ya wanasayansi kuipima upya damu ya Ryan, na mmoja wao alikuwa amepata habari za kesi hiyo kupitia kipindi cha televisheni. Jambo hilo la mwisho nadhani mleta mada atalihitaji, kwa maana umma nao huokoa.

---

Mwanamizani (mleta mada)

Mzee Wakili Mstaafu, shikamoo, na asante kwa mchango uliopangika. Sikatai kwamba mtaalamu ndiye anayefunga fundo. Ninachouliza ni nani aliyemkabidhi kamba.

Mtaalamu hafanyi kazi katika chombo kisichopitisha hewa. Kabla hajafungua maiti huwa ameshaambiwa na polisi kwamba mama huyu ana mwenendo wa kutatanisha, kwamba majirani wana mashaka, kwamba magazeti yanauliza. Alama ndogo shingoni ambayo kwa mzazi anayependwa na watu ingeandikwa "imetokana na juhudi za kumzindua mtoto", kwa mzazi anayeshukiwa inaandikwa "dalili ya kukabwa". Msichana Sabrina Butler wa Mississippi ni shahidi wa hili. Mwaka 1989 alimkuta mwanawe wa miezi tisa hapumui, akajaribu kumzindua kwa kumbonyeza kifua na tumbo kama alivyoelekezwa, akamkimbiza hospitali. Majeraha yaliyotokana na juhudi zile yakawa ushahidi wa kipigo. Alikuwa msichana mweusi, maskini, asiye na mume, na maelezo yake kwa polisi yalibadilikabadilika katika saa za kwanza za msiba. Alihukumiwa kifo mwaka 1990. Kesi iliporudiwa mwaka 1995, mmoja wa majirani zake alieleza namna walivyohangaika pamoja kumzindua mtoto, na Sabrina akaachiwa huru.

Halafu tazameni kesi ya Cameron Todd Willingham, ambayo ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu. Tarehe 23 Desemba 1991, nyumba yake katika mji wa Corsicana, Texas, iliungua na mabinti zake watatu wakafa. Katika maelezo ya awali majirani walimweleza kama mtu aliyechanganyikiwa, anayelia na kutaka kurudi ndani ya moto hadi akazuiwa. Baada ya habari kuenea kwamba wapelelezi wanaamini moto uliwashwa makusudi, baadhi ya maelezo hayo yaligeuka: sasa alikuwa akiigiza, sasa alijali zaidi gari lake lisiungue, sasa huzuni yake ilikuwa na kasoro. Ni mtu yuleyule, usiku uleule, macho yaleyale yaliyomwona. Kilichobadilika ni kile walichoambiwa kati ya siku ya kwanza na siku ya pili.

Ndiyo maana nasema uso ulitangulia. Palipo na mashaka, kila tendo la mzazi lina tafsiri mbaya. Akilia sana, anaigiza. Asipolia, hana moyo. Akizungumza na waandishi wa habari, anapenda umaarufu. Akijifungia ndani, anaficha jambo. Na wahenga wetu wametupa msemo ambao katika mambo haya umeleta madhara makubwa: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

---

Nesi wa Zamani

Ndugu zangu, naomba niseme kidogo kutokana na kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nimesimama na wazazi wengi katika dakika ile daktari anapotoka na kusema mtoto hatunaye. Kama kuna kitu kimoja naweza kukisema kwa uhakika, ni kwamba hakuna namna moja ya kupokea habari hiyo. Wapo wanaoanguka chini. Wapo wanaouliza maswali ya kiutaratibu, fomu ipi ijazwe, viatu vya mtoto viko wapi. Nimemwona mama anayekunja blanketi ya mtoto, anaikunjua, anaikunja tena kwa kulinganisha pembe, uso mkavu kabisa. Wageni waliokuwa pale wakanong'onezana. Sisi tuliozoea hatukuona ajabu, maana mwili ukizidiwa na mshtuko huwa unajishikiza kwenye jambo dogo lililo karibu.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba mzazi fulani "hakuonekana kuwa na huzuni", huwa namuuliza alitarajia kuona nini, na alijifunzia wapi. Mara nyingi jibu ni kwenye tamthilia.

---

Kipanga

Mimi naleta upande wa pili wa shilingi, na naomba nisieleweke vibaya. Wazazi wanaoua watoto wao wapo, tena si hadithi. Wapo watoto waliokufa kwa sababu majirani walikaa kimya na maofisa wakaogopa kumkosea mzazi heshima. Tukiufundisha umma usitie shaka, anayeumia ni mtoto asiyeweza kujisemea. Mleta mada, unapoorodhesha kesi zilizokosewa unatuonyesha chumba kimoja cha nyumba kubwa.

---

Mwanamizani (mleta mada)

Mkuu Kipanga, hoja yako ni nzito na siikwepi. Umma una haki ya kutia shaka, na jirani anayetoa taarifa anafanya wajibu wake. Tofauti iko katika kile kinachofuata. Shaka inayozaa uchunguzi inauliza: mtoto alikufa kwa nini? Shaka iliyokwisha kuwa hukumu inauliza: mama huyu ni mtu wa namna gani? Swali la pili likitangulia, la kwanza haliulizwi tena kwa dhati.

Tena, hofu ya kukosea upande ule unaousema ndiyo iliyozaa msiba wa Outreau, kaskazini mwa Ufaransa. Miaka michache kabla yake, mwaka 1996, Ubelgiji ya jirani ilikuwa imetikiswa na kesi ya Marc Dutroux, aliyewateka na kuwanajisi wasichana wadogo na baadhi yao wakafa, na hasira ya watu dhidi ya maofisa waliozembea ilivuka mpaka. Kwa hiyo mwaka 2001 watoto kadhaa wa Outreau walipotoa tuhuma za kunajisiwa, nyingine za kweli, hakuna aliyetaka kuonekana anawatilia shaka. Mama mmoja aliyekuwa mtuhumiwa alianza kuwataja wengine, na orodha ikakua mpaka watu 17 wakafikishwa mahakamani. Wengi wao walikaa mahabusu miaka, na miongoni mwao walikuwamo wazazi ambao watoto wao wenyewe walichukuliwa na kupewa walezi. Mtuhumiwa mwingine alifia gerezani kabla hata kesi haijaanza. Mama yule alikana tuhuma zake kizimbani mwaka 2004. Wanne tu ndio waliobaki na hatia. 13 waliachiwa, saba katika kesi ya kwanza na sita katika rufaa ya Desemba 2005. Na wapo watoto waliodhulumiwa kweli katika kesi ile, ambao sauti zao zilizama katika kelele za tuhuma zilizoongezwa juu yake.

---

Mpenda Historia

Nawashukuru wachangiaji. Naomba turudi nyuma zaidi, kwa kuwa jambo hili halikuanza na televisheni.

Jioni ya tarehe 13 Oktoba 1761, katika mji wa Toulouse, Ufaransa, kijana Marc-Antoine Calas alikutwa amekufa ndani ya duka la baba yake, Jean Calas, mfanyabiashara wa vitambaa. Familia ilikuwa ya Kiprotestanti katika nchi ambayo sheria ilitambua Ukatoliki peke yake. Umati ulikusanyika mlangoni, na kutoka katika umati huo ikapazwa sauti kwamba kijana ameuawa na baba yake kwa sababu alitaka kuwa Mkatoliki. Hakuna aliyejua ni nani aliyesema. Ofisa wa mji, David de Beaudrigue, aliichukua sauti ile kama taarifa ya upelelezi na kuwakamata wote waliokuwamo ndani usiku uleule.

Familia nayo ilijiponza. Mwanzoni walisema kijana ameuawa na mtu asiyejulikana, kisha wakakiri kwamba walimkuta amejinyonga. Walidanganya kwa sababu maiti ya aliyejiua iliburutwa barabarani kwa fedheha, na baba hakutaka mwanawe atendewe hivyo. Kubadili maelezo kukawa uthibitisho wa hatia, kama ilivyokuwa kwa Sabrina Butler karne mbili baadaye.

Kilichofuata kinashangaza kwa jinsi kilivyo cha leo. Tangazo lilisomwa makanisani kuwataka waumini watoe walichokijua, lakini liliandikwa kana kwamba mauaji yamekwisha thibitika na kinachotafutwa ni maelezo ya ziada tu. Watu wakaleta walichokisikia kwa watu waliosikia. Marc-Antoine akazikwa kwa heshima zote za Kikatoliki, kama shahidi wa imani, ingawa hapakuwa na hakika kwamba aliwahi kutaka kubadili dini. Baada ya mazishi ya namna ile, ni hakimu gani angesimama kusema kijana alijiua? Majaji wanane kati ya 13 walipiga kura ya kifo. Baba, mzee wa zaidi ya miaka 60, aliteswa ili awataje wenzake, akavunjwa viungo kwenye gurudumu tarehe 10 Machi 1762, na hadi pumzi ya mwisho alisema hana hatia.

Hapa ndipo hoja ya Msomaji Mtulivu inapoingia. Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa wa Ufaransa, aliposikia habari hii alianza kwa mashaka, akachunguza, kisha akaandika barua, akachapisha nyaraka, akawatafuta wakubwa, mpaka Ulaya nzima ikawa inazungumzia familia ya Calas. Machi 1765 Jean Calas alitangazwa kuwa hana hatia na familia ikarudishiwa heshima. Umma wa mjini ulimuua Jean Calas. Umma mwingine, mpana zaidi na uliokuwa mbali na mlango wa duka lile, ulilisafisha jina lake. Ila tusijidanganye kwamba umma huo wa pili ulikuwa na akili kuliko wa kwanza. Tofauti ni kwamba wa pili ulipewa nyaraka za kusoma.

---

Wakili Mstaafu

Marahaba, Mwanamizani, na nakubali nusu ya hoja yako. Kesi ya Kathleen Folbigg inaonyesha vyote viwili kwa pamoja, shaka ya umma na upungufu wa sayansi.

Mama huyu wa New South Wales alifiwa na watoto wanne kati ya mwaka 1989 na 1999. Alitiwa hatiani mwaka 2003, na magazeti yakambandika jina la muuaji mbaya kuliko wanawake wote katika historia ya Australia. Hapakuwa na dalili ya wazi ya kukabwa au kuzibwa pumzi. Kilichobeba kesi kilikuwa shajara zake, ambamo alijilaumu kama mama aliyeshindwa. Mistari ya majonzi ilisomwa kama kukiri. Hakuna mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa kuieleza juri kwamba mama aliyefiwa hujitwika lawama hata asipokuwa na kosa lolote.

Baadaye timu iliyoongozwa na mtaalamu wa kinga ya mwili, Carola Vinuesa, ilikuta kwamba mabinti wawili walirithi badiliko katika jeni iitwayo CALM2, linaloweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua ghafla. Uchunguzi rasmi wa mwaka 2019 haukutikisika. Mwaka 2021 wanasayansi na madaktari wapatao 90, wakiwamo washindi wa Tuzo ya Nobel, walitia saini ombi la kumtaka asamehewe. Uchunguzi wa pili chini ya jaji mstaafu Tom Bathurst ukafikia hitimisho tofauti, Folbigg akatoka gerezani Juni 2023 baada ya miaka 20, na hukumu zake zikafutwa Desemba mwaka huo.

Zingatieni hili: shajara hazikubadilika hata herufi moja. Mwaka 2003 zilikuwa ushahidi wa mauaji, na miaka 20 baadaye, maneno yaleyale yakasomwa kama maandishi ya mama mwenye huzuni.

---

Msomaji Mtulivu

Nina swali moja kwa wazee wetu wa sheria. Kuna mabadiliko gani ya kweli yaliyofanyika baada ya kesi hizi, au ni kuomba radhi na kuendelea na safari?

---

Wakili Mstaafu

Yapo, ingawa machache. Nchini Uingereza, Mahakama ya Rufani ilipoeleza sababu za kufuta hukumu ya Angela Cannings, mama mwingine aliyefiwa na watoto watatu, ilisema Januari 2004 kwamba pale wataalamu wanaoheshimika wanapogongana kuhusu chanzo cha kifo na hakuna ushahidi mwingine wa maana, si salama kumshitaki mzazi. Hiyo ni kanuni yenye meno. Sir Roy Meadow alifutwa katika daftari la madaktari mwaka 2005, kisha mahakama ikamrejesha mwaka 2006.

Katika jimbo la Ontario, Kanada, tume ya Jaji Goudge ilitoa ripoti yake mwaka 2008 kuhusu daktari Charles Smith, aliyekuwa akiaminiwa kuliko wote katika vifo vya watoto bila kuwa na mafunzo rasmi ya uchunguzi wa vifo vya jinai. Kati ya kesi zake 45 zilizopitiwa upya, 20 zilikutwa na kasoro. Katika moja alisema mtoto alichomwa kwa kitu chenye ncha kali, kumbe alishambuliwa na mbwa. Katika nyingine, Tammy Marquardt, ambaye mwanawe alikuwa na kifafa, alikaa gerezani karibu miaka 14, na watoto wake wengine wawili wakaasiliwa na familia nyingine. Hukumu yake ilifutwa mwaka 2011. Uamuzi ule wa kuasili watoto haukuwa sehemu ya kesi ya jinai, kwa hiyo haukufutika pamoja nayo.

---

Mwanamizani (mleta mada)

Naongezea kuhusu Texas, kwa kuwa nililianza la Willingham na sikulimaliza. Wapelelezi walitegemea alama za sakafuni na nyufa za vioo kudai kwamba palimwagwa mafuta. Karibu wakati uleule, mjini Jacksonville, Florida, waendesha mashtaka waliokuwa wakimshitaki baba mwingine, Gerald Lewis, kwa moto uliowaua watu sita waliamua kuijaribu dhana hiyo: wakachukua nyumba ya jirani iliyofanana na ile, wakaweka samani zinazofanana, wakawasha kochi bila mafuta yoyote. Chini ya dakika tano chumba kizima kililipuka kwa joto, na sakafuni zikabaki alama zilezile zilizodhaniwa kuwa za mafuta. Mashtaka dhidi ya Lewis yakafutwa. Ujuzi huo haukumfikia Willingham kwa wakati. Adhabu yake ya kifo ilitekelezwa kwa sindano ya sumu tarehe 17 Februari 2004, na miaka mitano baadaye mtaalamu aliyeajiriwa na tume ya serikali ya jimbo aliandika kwamba hitimisho la wapelelezi halikuwa na msingi wa kisayansi.

Mwaka 2013 jimbo hilo lilipitisha sheria inayomruhusu mfungwa kurudi mahakamani iwapo sayansi iliyomfunga imebadilika. Anayeitegemea sasa ni baba mwingine, Robert Roberson, aliyehukumiwa kifo mwaka 2003 kwa madai ya kumtikisa binti yake wa miaka miwili. Hospitalini wauguzi na polisi waliona kwamba baba huyu hana hisia, na hilo likatajwa dhidi yake. Miaka 15 baada ya hukumu aligunduliwa kuwa na usonji, hali inayoathiri namna mtu anavyoonyesha hisia. Mpelelezi aliyeongoza kesi yake ndiye leo anayesema hadharani kwamba walikosea. Utekelezaji wa adhabu yake ulizuiwa Oktoba 2024, na Oktoba 2025 Mahakama ya Rufani ya Jinai ya Texas ikasitisha tena, safari hii ikiirudisha kesi mahakama ya chini ili madai yake kuhusu sayansi yasikilizwe.